Wasanifu majengo wanapojenga vijijini, wenyeji wanashirikishwa kweli, au ni picha tu?

Inategemea msanifu, ila mtazame msanifu majengo Francis Kéré kule Gando, Burkina Faso, kijijini kwao. Alipopendekeza shule ya udongo, wanakijiji waliguna: nyumba zao za udongo wanazijua, mvua ikija zinamomonyoka. Akawaonyesha kwa vitendo. Udongo ukachanganywa na saruji kidogo, matofali yakafyatuliwa na wanakijiji wenyewe, na shule ikakamilika 2001. Mimi kilichonivutia zaidi ni maktaba ya shule hiyo. Kina mama walileta vyungu vya kawaida, vikakatwa juu na chini, vikapangwa kwenye dari, na matundu yake ndiyo yanayopitisha mwanga na hewa. Huo ni mkono wa mfinyanzi ndani ya jengo. Mkutano mmoja wa soda na kusaini mahudhurio, huo si ushirikishwaji.