Msaada Unaomfaa Aliyekatwa Titi: Ushauri kwa Mgonjwa na Jamaa Zake

Hapa kwetu Pemba mgonjwa hakosi watu. Niliporejea Wete kutoka Unguja, ambako nilikatwa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani kwa sababu ya saratani, nyumba ilijaa majirani, mawifi na mashoga, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini baada ya kuyapitia matibabu hayo tangu upasuaji hadi mionzi, nimeona kwamba msaada huo hupungua mapema mno, kwa kuwa watu hulihesabu jeraha kuwa ndiyo maradhi yenyewe, na likishafunga hudhani kwamba mwenzao amepona. Ndiyo maana namshauri kila anayekabiliwa na upasuaji huu akae na watu wake kabla ya kulazwa, wakubaliane nani atafanya nini na kwa muda gani.

Jambo la kwanza ni kumteua msimamizi mmoja. Kwangu alikuwa mdogo wangu wa kike, ambaye aliingia nami kwa daktari kila mara na kuandika kila tulichoambiwa, maana mgonjwa mwenye hofu husikia nusu ya maneno. Yeye ndiye aliyeangalia chupa ya mrija unaotoa maji ya jeraha, akaandika asubuhi na jioni kiasi kilichotoka na rangi yake. Daktari hutegemea hesabu hiyo ili kuamua siku ya kuutoa mrija. Mara nyingi husubiri maji yapungue hadi kufikia kama mililita 30 kwa siku. Yeye pia ndiye aliyepanga wageni waje baada ya alasiri, wasikae sana, nami nikapata kulala bila ya kuonekana nimewakimbia watu.

Kuhusu mkono wa upande uliokatwa inanilazimu kusema kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo wanawake wetu wengi wanapoumia. Kazi zetu za nyumbani zinataka mabega: kuchota maji, kukuna nazi, kutwanga, kufua, kumbeba mtoto. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na mgonjwa wa wiki za mwanzo hapaswi kuigusa hata ikiwa nusu. Mpeni mtu kazi hiyo kwa jina lake, kwa kuwa ikiachwa iwe ya kila mtu, mgonjwa ataamka alfajiri aikute pipa tupu na kuinama mwenyewe. Hata hivyo, kuulaza mkono moja kwa moja nako kuna madhara, kwani bega hukakamaa, na mgonjwa atakayehitaji mionzi hutakiwa kuunyanyua mkono juu ya kichwa na kutulia hivyo wakati mashine inafanya kazi. Mazoezi ya mwanzo ni mepesi, kama kukunja na kukunjua kiganja na kiwiko. Yale ya kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, kidogo kidogo, hufuata kwa idhini ya daktari. Binti yangu alikuwa akitia alama ya chaki pale vidole vilipofika, na alama ile ilipopanda nilifurahi kuliko nilivyofurahia zawadi yoyote.

Jamaa wafahamu pia kwamba ngozi ya ndani ya mkono inaweza kufa ganzi kwa sababu ya mishipa ya fahamu iliyoguswa kwapani, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuungua jikoni asihisi. Tezi zikishaondolewa, maji ya mwilini huweza kujikusanya mkononi, miezi au hata miaka baadaye. Ukiona pete au bangili inabana, au mkono unakuwa mzito, nenda hospitali mapema, na usingoje ufure. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, jeraha likitoa usaha, au homa ikipanda, nenda siku hiyo hiyo.

Wazee wetu wana mapenzi, na mapenzi yao huja na chupa ya mafuta na maji ya kukandia. Mzazi aliyejifungua hukandwa, basi huona kwamba na aliyepasuliwa akandwe. Jeraha hili halikandwi wala halitiwi dawa ya majani. Mimi sikubishana na mama mkwe wangu. Tulimchukua hospitali, muuguzi akamweleza kwa heshima, na kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyewazuia wengine. Kuhusu ibada, aulizwe sheikh mapema namna ya kutawadha palipo na bendeji, na anayeumia kusujudu asali kwa kukaa.

Kwa wanaokuja kumtazama mgonjwa, nawaomba msimsimulie waliokufa kwa maradhi haya, wala msimtafutie aliyemhusudu. Kwa waume nasema kwamba mwanamke huyu anaogopa macho yako kuliko kisu cha daktari. Mume wangu aliomba afundishwe kubadilisha bendeji, akaliona jeraha tangu mwanzo, na kwa kitendo hicho aliniondolea fedheha ambayo maneno yasingeiondoa. Shoga yangu, ambaye ni fundi wa cherehani, alinishonea kifuko laini cha pamba cha kuweka ndani ya sidiria, na jeraha lilipokauka kabisa akanishonea kingine chenye mtama, ili kiwe na uzito wa kulingana na upande wa pili na bega lisivutwe. Chini ya baibui hakuna anayejua, nami hutembea nikiwa nimenyooka.

Kisha ikaja kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, na baadaye mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hutolewa karibu kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mtu wa kisiwani huhitaji pahala pa kulala, nauli ya boti, na mwenzake wa kukaa naye. Huu ndio wakati ambao wageni walikwishatawanyika. Wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa walikuwa wametenga fedha tangu mwanzo na kupangiana zamu za kunisindikiza, na bila ya mpango huo ningekatiza matibabu. Wakati wa kemo harufu ya samaki akikaangwa ilinichefua, nikaweza uji mwembamba na ndizi, kidogo kidogo mara nyingi. Kinga ya mwili hushuka, kwa hiyo mwenye mafua abaki kwao hata kama ni ndugu wa damu, na homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kukimbizwa hospitali hata usiku wa manane.

Sasa ninameza kidonge cha tamoksifeni kila siku, dawa ya kuzuia saratani isirudi, ambayo kwa kawaida hutumiwa miaka 5 na kwa wengine hadi 10. Mdogo wangu bado ana lile daftari, na tarehe za kliniki anazijua kabla yangu. Nimemtaka naye aende akapimwe, kwa kuwa dada na binti wa aliyeugua wamo katika hatari kubwa zaidi kuliko wengine, na safari hiyo mimi ndiye nitakayeingia naye kwa daktari na kuandika.