Kiwanja jirani na mwalo wa zamani: usikimbilie kuchimba kisima

Mkuu, unasema kiwanja huko Geita unauziwa bei ya kutupa, kimepakana na mwalo uliokufa (pale wachimbaji walipokuwa wakioshea mchanga wa dhahabu), chini kuna kijito, na unataka kuchimba kisima kwa kuwa wachimbaji wameshahama. Nimefanya kazi kwenye makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na mialo ya upande huo kabla sijarudi kwenye kilimo, nikujibu ninavyojua.

Anza na marudio, yale malundo ya mchanga laini unaobaki dhahabu ikishatolewa. Mawe mengi ya dhahabu ya huko yana salfa, mengine na aseniki, ambayo ni sumu. Yakiwa chini ardhini yametulia. Ukishayasaga unga ukayaacha juu, hewa na mvua vinayafanya yatoe tindikali, nayo inayeyusha metali zinashuka na maji. Ukikuta mfereji una tope la rangi ya kutu na pembeni majani hayaoti, umeshajibiwa nusu. Nusu ya pili huioni: aseniki majini haina rangi wala ladha, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 tu kwa lita.

Halafu zebaki. Tulikuwa tunaichanganya na mchanga kwa mikono mitupu kwenye beseni ili inase dhahabu, tunachoma kwenye mkaa, moshi unakwenda unakotaka (na mama ntilie yuko hapohapo). Iliyobaki kwenye marudio mvua huisomba hadi kijitoni. Kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa aina inayojikusanya mwilini mwa samaki, hasa wale wanaokula samaki wenzao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, ila tope la zamani bado liko palepale.

Kuna mtu amekushauri uchemshe maji ya kisima ndipo unywe; amekupoteza. Moto unaua vijidudu. Aseniki haiendi popote, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Klorini nayo haiiondoi.

Fanya hivi: nenda ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali pale Mwanza, uliza kwanza chombo gani cha kubebea sampuli, kisha chota maji ya kisima cha jirani. Sema wazi unataka wapime aseniki, zebaki na risasi (ile metali yenye sumu), la sivyo unaweza kupimiwa bakteria tu. Pia zunguka kiwanja na mtu aliyewahi kuchimba hapo akuonyeshe maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yalipokuwa. Mengi hufunikwa kwa magogo na udongo, mvua kubwa ikija yanatitia.

Muuzaji akikataa kusubiri majibu ya maabara, mwache atafute mteja mwingine.