Jiko la makaa ya mawe linalojilisha lenyewe: ukubwa, na moto kuzimika usiku

Ndugu, umeuliza ununue jiko la ukubwa gani, na kwa nini unalotumia sasa huzimika usiku.

Usinunue kubwa kupita mahitaji ya nyumba. Jiko kubwa mno hubidi lilishwe makaa kidogo, na likilishwa kidogo mno, moto haushiki. Tumia anthrasaiti (makaa ya mawe magumu) ya ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kitabu cha jiko. Kisha liwashe kwa nguvu yake yote, uangalie ukingo ambapo majivu hudondoka: ukiona makaa mekundu yanaanguka, unalisha kupita kiasi. Ukanda wa majivu wa sentimita 2 hivi kwenye ukingo huo unatosha. Umeme ukikatika, feni na kilishio (kifaa kinachosukuma makaa motoni) husimama, moto hufa.

Tafadhali sana, funga king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Gesi hiyo ya sumu haina harufu.