Saa 250 na ndoto ya Dubai

Mdogo wangu, umeniuliza kuhusu kazi ya urubani Dubai: kwa leseni ya urubani wa biashara ya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) na saa 250 za kuruka ulizotaja, mashirika makubwa ya ndege ya Ghuba bado sana. Wengi wanaotoka huku hujaza saa kwanza kwenye Caravan, ile ndege ndogo ya Dar–Zanzibar na viwanja vya vumbi vya Serengeti, ndipo wanahamia ndege kubwa. Leseni kamili ya urubani wa mashirika huanzia saa 1,500.

Kiingereza cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga): daraja la 4 ndilo la chini linalokubalika, na ukiwa nalo unarudia mtihani kila miaka mitatu. Ukipata la 6, hurudii tena maisha yako yote. Cheti cha afya cha daraja la kwanza usikiache kiishe.

Ila kinachowaangusha watu ni daftari la saa za kuruka, yaani logbook (wallahi!). Mamlaka ya kule inaiandikia ya hapa kuthibitisha leseni yako, na mwajiri anakagua ukurasa kwa ukurasa. Mimi jumla moja niliyoifutafuta kwa karekti ilinichelewesha wiki tatu. Ukikosea, kata kosa kwa mstari mmoja, andika upya pembeni, weka sahihi. Karekti itupe leo.