PSA imepanda baada ya tezi dume kutolewa: maswali yenu

Daktari, shikamoo. Baba yetu alitolewa tezi dume yote mwaka juzi kwa sababu ya saratani. PSA, kile kipimo cha damu cha protini inayotoka kwenye tezi dume, ilikuwa haisomeki, sasa imesoma 0.3. Tumpeleke MRI, ile picha ya mashine ya sumaku? (Mpwapwa)

Marahaba. Kwanza rudieni kipimo cha damu, ikiwezekana maabara ileile. Tezi ikishatoka yote, PSA inatakiwa ishuke hadi isisomeke ndani ya wiki 6 hadi 8. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita na kipimo cha pili kikathibitisha, tunahesabu kuwa ugonjwa umerudi.

Lakini PSA haisemi umerudia wapi, na hapo ndipo MRI inapoingia. Inachunguza nyonga, hasa pale kibofu kiliposhonewa kwenye njia ya mkojo, maana saratani inayorudi mahali pake pa zamani hujitokeza sana hapo. Mgonjwa huchomwa dawa ya picha kwenye mshipa: saratani huidaka haraka, kovu huichukua polepole. Picha isiyo na dawa hiyo inaweza kuliacha donge dogo likajificha kwenye kovu.

Hapa Dodoma MRI ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Nawaomba sana, mzee aende na bahasha yake yote: barua ya upasuaji, majibu ya nyama iliyotolewa, na PSA zote zikiwa na tarehe. Wazee wengi huja na kadi ya kliniki tu, na msoma picha hawezi kujua kilichotolewa ni kipi.

MRI imetoka safi, ila PSA bado inapanda. Tusubiri hadi kitu kionekane? (Chamwino)

Msisubiri! PSA ikiwa chini, saratani inaweza kuwa ndogo mno kuonekana. Tiba ya mionzi baada ya upasuaji hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Ombeni rufaa ya kumwona daktari wa mionzi, mathalani hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Muulizieni pia kipimo cha PET cha PSMA, yaani picha inayotumia dawa yenye mionzi kidogo inayojishika kwenye chembe za saratani ya tezi dume; hicho hunasa mapema kuliko MRI, hasa kwenye mifupa na mitoki.

Nilifanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa kuwa mkojo uliziba. PSA yangu ni 1.4, silali kwa hofu. (Kondoa)

Pole sana, mzee wangu. Kama ulikuwa uvimbe wa kawaida, hukutolewa tezi yote. Hukwanguliwa nyama ya ndani, ganda hubaki kama la chungwa, na ganda hilo linaendelea kutoa PSA. Kile kiwango cha 0.2 hakikuhusu. Fuatilia majibu ya nyama yako, kisha umwone daktari wa mkojo akulinganishie na PSA za nyuma.

Nina chuma mguuni tangu ajali ya bodaboda. MRI itanidhuru? (Bahi)

Vyuma vingi vya mifupa havina shida, lakini sema kabla hujaingia chumbani. Anayetumia kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, au mwenye kipande cha chuma jichoni, asiingie hadi daktari aruhusu. Mwenye ugonjwa wa figo naye aseme, kwa sababu ya ile dawa ya mshipani.