Wanakuja mara moja hawarudi: jibu la mmoja aliyewahi kutorudi

Mleta mada, umesema kikundi chenu cha kuandika programu za kompyuta kina watu 40 hivi, wa kike mmoja, na kila mkitangaza wanakuja wanawake wawili watatu, kikao kinachofuata hawaonekani. Ukauliza mtangaze wapi tena. Mimi niliwahi kuwa mmoja wa hao wasiorudi. Tangazo lenu halina shida: wamelisoma, wamepanda daladala, wamefika. Angalia walichokikuta.

2016 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar. Nikaenda kwenye kikundi kimoja (jina nalihifadhi). Kikao kilianza saa 12 jioni, kikaisha saa 3 usiku, na stori zikinoga ni saa 4. Mimi nakaa Mbagala, mbali na hapo. Kwao muda ulikuwa mzuri kwa sababu watu wameshatoka kazini. Mimi kuanzia saa 2 sikuwa natazama tena ubao, natazama saa.

Hilo dogo. Siku hiyohiyo nilikwama kwenye Python, lugha ya kuandikia programu: mstari mmoja umesogea ndani kuliko wenzake, programu haitaki kwenda. Kosa la kila anayeanza. Nikanyoosha mkono. Akaja kaka mmoja, mwema kabisa, akasema "lete", akaivuta laptopu yangu, akagonga gonga kama dakika moja, akairudisha. "Tayari." Kweli ikafanya kazi. Alichofanya sikukiona, na kuuliza nikaona aibu. Jirani yangu, mvulana, alikwama palepale. Yeye kaka yuleyule alimwinamia: "Hebu soma mstari wa 12, unaona nini?" Dakika tano nzima akimsubiri agundue mwenyewe. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya, nadhani hata leo ukimwambia atashangaa.

Nikaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp. Salamu ya kila asubuhi: "Habari za asubuhi makaka." Nikauliza kuhusu Git, chombo cha kutunza na kuunganisha kazi za waandika programu: mabadiliko yangu yanagongana na ya mwenzangu, nifanyeje. Grupu kimya. Inboksi, kabla ya saa 5 usiku, jumbe nne. "Mambo." "Mrembo umelala?" Mmoja akataka kujua kama nimeolewa. Hakuna hata mmoja aliyegusa suala la Git. Nikajitoa bila kuaga, na admini labda hadi leo anadhani nilipoteza simu.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema wanawake hawapendi tu mambo ya kodi (maandishi ya programu, siyo ile ya TRA). Mkuu, ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipozinduliwa Marekani 1946, walioandika programu zake walikuwa wanawake 6. Tuendelee.

2018 nikiwa mafunzoni kazini, dada mmoja akanikokota hadi kikundi kingine. Nilienda kwa shingo upande. Jumamosi, saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kitu cha kwanza kilichonishangaza: anayefundisha haruhusiwi kugusa kibodi ya mwenzake. Mikono nyuma, unaeleza kwa mdomo. Mambo yanakwenda polepole, sikufichi. Baadhi ya wataalamu waliondoka wakisema tunakwenda mwendo wa konokono, na wawili kati yao nawakumbuka hadi leo kwa sababu walikuwa wanajua kweli. Waandaaji waliwaacha waende.

Sheria ya pili ilikuwa swali lijibiwe palepale lilipoulizwa, na usimfuate mtu inboksi bila kumwomba hapo grupuni. Kuandika sheria ni rahisi. Ilikuja kupimwa pale aliyeivunja alipokuwa kaka aliyetufundisha nusu ya yale tuliyoyajua. Akaonywa, akarudia, akatolewa. Grupu liliwaka moto siku mbili: "jamani tusivunje kikundi kwa ajili ya meseji." Wiki ile ndiyo niliona dada watatu waliokuwa kimya tangu wajiunge wakiuliza maswali ya kiufundi hadharani. Kwa hiyo andikeni sheria mkiwa mmekubaliana kwamba siku moja itamgusa rafiki yenu.

Sasa kuhusu kutoa mada kwenye vikao. Umeandika kwamba "tumesema kila mtu anakaribishwa kuwasilisha, hawajitokezi." Mimi nisingejitokeza hata mngesema mara kumi. PyCon, mkutano mkubwa wa watu wa Python kule Marekani, 2011 watoa mada wa kike walikuwa kama 1%. 2016 walifika 40%. Moja ya walivyofanya ni kuwaandikia wanawake mmoja mmoja, kwa majina, na kuwaomba walete mada. Mimi pia niliombwa hivyohivyo: "Wewe ulitengeneza mfumo wa VICOBA, tueleze ile shida ya malipo kujirudia." VICOBA ni vikundi vya kuweka na kukopa, na michango inalipwa kwa simu. Mtandao wa simu huutumia mfumo wako taarifa ya malipo, na mfumo ukichelewa kuijibu, mtandao huituma tena. Mama kachangia 10,000, daftari linasoma 20,000. Dawa ni kuifanya namba ya muamala isiweze kuingia mara mbili kwenye kanzidata. Dakika 20 tu, nilitetemeka mwanzo mpaka mwisho, lakini watu waliandika nilichosema. Kikao kilichofuata sikuhitaji kukokotwa.

Umeulizia pia fulana za pinki za kuwavutia wanawake. Hapana. Hela hiyo nunueni vitafunwa au bando la intaneti, na msimpe binti kazi ya kugawa chai wala kuandika muhtasari kila kikao. Pangeni zamu.

Na huyo dada mmoja aliyebaki kwenu, sijaona mahali uliposema umemuuliza. Muulize kinachomuudhi na kinachomfanya aje, pembeni, siyo mbele ya watu 39. Ila kazi ya kuwatafuta wengine usimtwishe. Yeye kaja kujifunza kuandika programu.