Usikubali Kubebwa Kama Gunia la Omena

Juzi baba mmoja wa Naivasha aliniandikia: "Dada, mwanangu wa miaka 11 anatumia kiti cha magurudumu. Tulimpeleka ziwani, mwenye boti akamtupa begani. Sasa hataki hata kulisikia ziwa likitajwa. Nyinyi Kisumu mlifanyaje?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nne. Mtoto huyo namjua, kwa sababu nilikuwa mahali pake.

Watu wa ziwani wanajua kwamba pasipo na gati, abiria hubebwa hadi kwenye boti ili viatu visilowe. Mzima akibebwa hucheka, akashuka, safari ikaendelea. Mimi niliinuliwa na vijana wawili, mmoja kwapani, mwingine miguuni, kiti changu kikabaki matopeni. Rinda lilipanda na sikuwa na mkono wa kulishusha. Mmoja akamwambia mwenzake, "Shika vizuri huyo kiwete asituangushe." Shemeji zangu walikuwa ndani ya boti, na hakuna aliyefungua kinywa. Ni miaka sita sasa, na sauti ya yule kijana ningeitambua hata gizani.

Usiku ule nilifungua Katiba ya Kenya, Ibara ya 54. Kabla ya kufika kwenye majengo na usafiri, inaanza na heshima: mtu mwenye ulemavu atendewe kwa utu, na asiitwe wala kutajwa kwa namna ya kumdunisha. Halafu ndipo inapokuja haki ya kufika kila mahali, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Nililia, maana miaka yote nilidhani naomba fadhila.

Kosa langu lilikuwa kwenda na machozi peke yake. Barua yangu ya kwanza kwa kaunti ilikuwa kurasa nne za machungu. Ofisi ya kuipeleka iko ghorofani na hakuna lifti. Ngazi ni 17. Nilizihesabu nikiwa chini. Karani akaniambia, "Mama, subiri hapo nje, tutakuja." Nilikaa juani saa tatu. Jibu la barua ile sijalipata hadi leo.

Binamu yangu ni fundi. Alikuja ufuoni na tepu ya kupimia. Kutoka ardhini hadi usawa wa boti alipata sentimita 60. Kanuni ya mteremko wa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo tulihitaji mita 7 na sentimita 20. Tena maji ya ziwa letu hayakai kimo kimoja. Mnamo 2020 maji yalipanda yakaingia fuo na nyumba za watu. Saruji tupu ingezama mwaka huu na kuning'inia mwaka ujao, ndiyo maana kipande cha mwisho lazima kielee: mbao juu ya mapipa yaliyozibwa, zimeshikwa kwa bawaba.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, vipimo na picha mbili. Nikauliza humo kama kuna fedha zozote zilizotengewa ufuo ule, nikitaja Sheria ya Ufikiaji Habari ya 2016, inayowapa siku 21 kujibu. Walijibu siku ya 19.

Na muda, jamani, muda! Nilienda mkutano wa bajeti mwezi Mei nikaambiwa nimechelewa. Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka hufika kufikia 1 Septemba. Kwa hiyo Agosti nilirudi, nikiwa na watu 11: wa magongo, mzee asiyeona, na akina mama wanaouza samaki, kwa sababu mwenye beseni kichwani anauhitaji mteremko kama mimi.

Kwenda na kurudi kwa miaka miwili iliyofuata sitakusimulia. Mwezi uliopita niliteremka peke yangu hadi kwenye boti. Nahodha alininyoshea mkono, nikamwambia, "Asante baba, niache kwanza." Aliniacha.

Sasa wewe baba wa Naivasha: usimwambie mtoto avumilie. Amevumilia vya kutosha. Chukueni tepu, mpime pamoja, yeye ndiye aandike namba. Mkutano wa kaunti ukiitwa, mpeleke, na kipaza sauti apewe yeye. Kabla hajapanda boti yoyote, mwenye boti amuulize mtoto mwenyewe, "Nikushike wapi?" Avae kwanza jaketi la kuokolea maisha. Akiwa majini asifungwe mkanda kwenye kiti, wala kiti kisifungwe naye akiwa juu yake, maana boti ikipinduka kitamvuta chini. Akalie benchi la boti, kiti kifungwe kando. Na wewe usinyamaze kama walivyonyamaza shemeji zangu. Mtoto anasikia ukimya wako kuliko maneno ya yule mwenye boti.

Huku kwetu kazi bado. Choo cha ufuoni kina ngazi mbili, na mlango wake ni sentimita 60. Kiti changu ni 66. Barua nimeshaiandika, ukurasa mmoja, picha mbili. Agosti naipeleka.